Miwani inayoandika maneno kwa mzee asiyesikia vizuri: ninunue sasa au nisubiri?

Kitinda_Mimba:

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo yenu manake nimezunguka sana mtandaoni na kila video ninayofungua inasifia tu.

Mzee wangu ana miaka 71, masikio yameanza kumtupa mkono huu mwaka wa tatu sasa. Hajawa kiziwi, sauti anaisikia, ila anasema maneno yanamfikia kama yametafunwa. Mkiwa wawili chumbani mnaongea vizuri kabisa, wakiingia watu watano anasogea pembeni anatabasamu tu na ukimwangalia unajua hapo hajaambulia kitu. Wiki iliyopita mjukuu wake alikuwa anamhadithia habari za sungura wa shuleni kwao, dakika kumi nzima, babu anaitikia "eeh, eeh", mwisho mtoto akamuuliza swali babu hana jibu, mtoto akanyanyuka akaenda zake. Iliniuma sana aisee.

Sasa nimeona hizi miwani mpya zenye kioo ndani ya lenzi, mtu akiongea mbele yako maneno yanatokea yameandikwa unayasoma. Meta walitangaza Ray-Ban Display mwezi wa 9 mwaka 2025, na kuna Even Realities G1 ambazo hazina kamera kabisa. Nikasema hiki ndo kitu cha mzee, anapenda kusoma na miwani anavaa tayari. Kuna jamaa kazini ananiambia achana nazo chukua AirPods Pro, zile spika za masikioni za Apple, siku hizi zinafanya kazi ya shime sikio (mashine ya kumsaidia mtu kusikia), na dada yangu yeye hataki kusikia lolote, anasema acha mambo ya maonyesho baba apelekwe hospitali akapewe mashine ya kawaida.

Mzee mwenyewe nilimwonyesha video moja ya hizo miwani, akatazama mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "hiyo ikizima anaiwasha nani?" Sikuwa na jibu. Naombeni michango hasa kwa aliyewahi kutumia.

---

Nanga_Juu:

Mkuu pole kwa hilo la mjukuu. Mimi nasema nunua miwani, usisubiri. Kwenye hivi vifaa ukisubiri kila mwaka kuna kipya kinatangazwa, utasubiri mpaka lini na umri wa mzee unakwenda? Google Glass zilianza kuuzwa kwa watu wachache 2013 na watu wakasema ngoja zikomae, haya tumengoja zaidi ya miaka kumi. Saizi ndo zimekomaa. Kwenye Ray-Ban Display aliyekaa mbele yako haoni kama kuna maandishi kwenye lenzi, na unaziongoza kwa mkanda wa mkononi unaosoma umeme mdogo wa misuli ukichezesha vidole. Kwa mtu anayepata shida ya kusikia hii ni nafasi ambayo wazee wa zamani hawakuipata.

---

SikioMoja:

Kitinda_Mimba mimi ndo mwenye tatizo lenyewe, navaa shime sikio mwaka wa sita huu, kwahiyo naongea kwa kuishi nalo.

Hilo neno la mzee wako "yametafunwa" limenigusa manake ndivyo inavyokuwa hasa. Uzee ukiingia masikioni zinaanza kuondoka sauti nyembamba za juu, na huko juu ndiko zinakokaa s, f, t, k, ch. Sauti nene zinabaki, a na o na u unazisikia vizuri, kwahiyo unajua mtu anaongea ila hujui kasema "kasa" au "kata" au "kafa". Ndo maana kumpigia kelele hakumsaidii, unampa zaidi kile anachokisikia tayari, kile kilichopotea bado kimepotea, na yeye anaona unamgombeza. Waambie watu wa nyumbani waache kupaza sauti, waongee taratibu wakimwangalia usoni.

Sasa miwani. Niliazimwa za rafiki siku nne (aina siitaji). Mkiwa wawili, pametulia, inasisimua kweli, nilisoma sentensi nzima ya mtu aliyenong'ona nikabaki nimeduwaa. Ila kuna mambo hawayasemi kwenye video. Maandishi yanakuja nyuma ya mdomo, kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha wenzako wacheke kitu na wewe ucheke baada yao. Halafu macho yanakuwa kazini muda wote, ukisoma huangalii uso wa mtu, na sisi tusiosikia vizuri nusu ya maneno tunayachukua kwenye midomo na macho ya anayeongea, ukininyang'anya uso umenipunguzia. Na wakiongea watano kwa pamoja maneno yanamwagika kama karanga, hujui lipi la nani. Yaani pale pale mzee wako anapopata shida ndipo na zenyewe zinapopata shida.

Kingine, macho ya mzee yakoje? Ray-Ban Display inaonyesha kwenye jicho la kulia peke yake, na lenzi za kupimwa wanaweka kuanzia -4 hadi +4 tu. Kama jicho la kulia lina mtoto wa jicho basi hapo hakuna kitu. Betri wanasema mpaka saa 6 za matumizi mchanganyiko, na mazungumzo ya mzee hayaishi saa sita kwa siku.

Halafu lugha. Hili liangalie kabla ya yote. Meta kwenye tafsiri za miwani walianza na Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania. Mzee wako anaongea na mjukuu kwa lugha gani?

Ushauri wangu, kabla hujatoa hela jaribu hicho hicho bure. Kwenye Android kuna programu ya Google inaitwa Live Transcribe, ilitoka 2019, waliitengeneza wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet cha Marekani ambacho ni cha viziwi, ina lugha zaidi ya 70 na Kiswahili kimo. Weka simu mezani mbele ya mzee, ongeeni, aone maandishi yanavyokuja. Akiipenda kwa simu unajua miwani itamfaa, akichoka baada ya dakika tano umejua pia.

---

Fundi_Spana:

Mimi nataka kujibu swali la mzee manake hilo ndo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa hapa na naona watu wanalipita. "Ikizima anaiwasha nani."

Natengeneza vifaa vya umeme mwaka wa kumi na mbili. Zamani mtu analeta redio imekufa, unaifungua unakuta kapasita imevimba unabadilisha inaimba. Siku hizi mtu analeta kifaa kizima kabisa, betri nzima, kioo kizima, hakina hata mkwaruzo, na kimekufa. Kwanini? Seva imezimwa, yaani kompyuta za kampuni huko mbali ambazo kifaa kinazitegemea. Hapo hata uniletee spea za dunia nzima siwezi kukusaidia. Mwenyewe niliwahi kumnunulia mama kidude cha kuongea nacho, ukimuuliza saa anakwambia, anamkumbusha dawa, kampuni ikauzwa, barua pepe ikaja, baada ya miezi mitatu kikawa jiwe. Mama aliendelea kukisemesha karibu wiki nzima akidhani amekikosea kitu. Sitaisahau hiyo.

Chukua mfano wa Humane AI Pin. Walitoa 2024 mwezi wa 4, kidude cha kubandika kifuani kilichoambiwa kitachukua nafasi ya simu. Mwezi wa 2 mwaka 2025 HP wakanunua sehemu ya kampuni, na tarehe 28 mwezi huo huo seva zikazimwa. Chini ya mwaka mmoja toka kitoke. Hakipigi simu, hakitumi ujumbe, hakijibu swali.

Ukiona hilo ni la watu wa kujaribu vitu, sikiliza hili la Argus II. Hilo lilikuwa jicho la kielektroniki, linapandikizwa ndani ya jicho kwa upasuaji, Marekani walilikubali 2013, kampuni inaitwa Second Sight. Watu zaidi ya 350 duniani walipandikizwa. Kampuni ikaishiwa hela, ikaacha kulihudumia, na mtu aliyeanza kuona mwanga akabaki na chuma ndani ya jicho ambacho kikileta shida hakuna spea wala mtaalamu. Haya ni mambo ya mwili wa mtu wakuu, kifaa cha kusikia au kuona mtu akikizoea kinakuwa kiungo chake.

Kwahiyo mimi nina kipimo kimoja na nakitumia kwa kila kitu kipya kinachonijia mezani. Simu iweke kwenye hali ya ndege. Zima Wi-Fi. Halafu kiwashe hicho kifaa uone kimebaki na kazi gani. Kama kazi uliyokinunulia bado inafanyika hicho ni chako. Kama imesimama, umekodi tu hata kama umelipa chote siku ya kwanza.

Wala siwachukii watu wa vitu vipya, msinielewe vibaya. Saa janja za Pebble kampuni yake ilifungwa mwisho wa 2016, lakini kwa vile watumiaji walijikusanya wakatengeneza seva zao wenyewe wakaziita Rebble, saa zile ziliendelea kutembea mikononi mwa watu, na mwezi wa 1 mwaka 2025 Google wakaachia msimbo wa mfumo wake wazi na mwanzilishi akarudi kutengeneza saa mpya. Kwahiyo inawezekana kifaa kikamzidi umri aliyekitengeneza, ila lazima kiwe kimejengwa hivyo.

---

Nanga_Juu:

Fundi hoja yako naielewa na hiyo ya mama imenigusa, lakini kwa kipimo hicho tusingenunua kitu. Kampuni ndogo ndo zinakufa. Meta na Apple hazifi kesho.

---

Fundi_Spana:

Kampuni kubwa haifi, inaua bidhaa. Google haijafa na Glass ya makampuni waliacha kuiuza mwezi wa 3 mwaka 2023. Spotify haijafa na kile kifaa chao cha kwenye gari, Car Thing, walikizima tarehe 9 Desemba 2024 kikiwa kizima mikononi mwa watu.

---

Mama_Mizani:

Mdogo wangu Kitinda_Mimba, nafanya kazi kliniki ya masikio, niongeze yangu.

Kabla ya kifaa chochote mzee aangaliwe masikio kwa ndani. Nimepokea watu waliokuja tayari kununua mashine, kumbe nta imeziba sikio zima, inatolewa kwa dakika kumi na tano mtu anaondoka anasikia. Asichokonolewe nyumbani kwa pamba wala njiti, mnaisukuma ndani zaidi. Na msikie vizuri hapa: usikivu ukishuka ghafla ndani ya siku moja mbili tatu, au sikio moja tu likizimika, au kizunguzungu kikiambatana, hiyo sio habari ya kuuliza mtandaoni, ni hospitali siku hiyo hiyo manake dawa inasaidia ikiwahi na kila siku inayopita nafasi inapungua.

Akishaangaliwa apimwe usikivu, apewe na karatasi yenye mchoro wa usikivu wake. Bila huo mchoro mnabahatisha.

Kuhusu AirPods, jamaa yako hajakudanganya. Mwezi wa 9 mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu AirPods Pro 2 zitumike kama msaada wa kusikia, na huduma yenyewe ikafika kwa watu mwezi wa 10 na iOS 18.1, toleo la mfumo wa iPhone. Ni kwa mtu mzima wa miaka 18 kwenda juu mwenye upungufu mdogo hadi wa wastani, ukizidi hapo haziwezi. Kuzipanga mara ya kwanza lazima uwe na iPhone au iPad, na haijafunguliwa kila nchi, kwahiyo angalieni mlipo kabla ya kulipa. Pro 3 zilizotoka 2025 wanasema zinafika saa 10 zikiwa kwenye kazi hiyo. Nazipenda kwa sababu moja, zimewafanya watu waliokuwa wanaona aibu wakubali kupimwa. Ila kuna kitu wazee wananirudishia: akiwa nazo masikioni watu hawamsemeshi, wanadhani anasikiliza muziki au yuko kwenye simu. Alitaka kurudi kwenye mazungumzo, anaonekana kajitoa.

Kuna miwani nyingine ambayo haiandiki, inakuza sauti, inaitwa Nuance Audio ya EssilorLuxottica, FDA waliipitisha mapema 2025. Spika ziko kwenye vipini, hakuna kinachoingia sikioni. Nayo ni kwa upungufu mdogo hadi wa wastani. Kwa mzee anayevaa miwani tayari na hataki kitu sikioni hiyo naiona ina akili kuliko ya maandishi.

Shime sikio za kawaida nazo zimebadilika sana na watu hawajui. Mpya nyingi zina Bluetooth, na ukichagua leo uliza kama ina LE Audio na Auracast, huo ni mfumo unaoruhusu ukumbi, kanisa, msikiti au uwanja wa ndege kurusha sauti moja kwa moja kwenye mashine za watu wote waliomo, hakuna kikomo cha idadi ya wanaounganishwa. Bado kumbi zenye mtambo huo ni chache, lakini mashine utakaa nayo miaka mitano au zaidi kwahiyo nunua ambayo mlango huo uko wazi. Na kipimo cha Fundi hapo juu shime sikio inafaulu, ikishapangwa inafanya kazi na simu ikiwa imezimwa kabatini.

La mwisho, asitegemee siku ya kwanza. Ubongo uliokaa miaka mitatu bila sauti za juu ukizirudishiwa unaona kila kitu ni kelele, maji ya bomba, karatasi, viatu vyake mwenyewe. Wengi wanavua siku ya tatu wanaweka kwenye droo. Avae saa chache pametulia, aongeze kila siku, arudi kurekebishiwa. Ukimsimamia wiki nne za mwanzo umemaliza kazi kubwa kuliko kuchagua aina.

---

Nanga_Juu:

Dada Mama_Mizani asante, hilo la Nuance sikulijua kabisa. Nimeelimika. Kitinda_Mimba anza na hayo ya hospitali, mimi narudisha ushauri wangu nyuma kidogo.

---

Kitinda_Mimba:

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, nilitaka nije na kitu mkononi.

Kwanza nilijaribu ile Live Transcribe kwa simu yangu kama SikioMoja alivyosema. Mimi na mzee wawili ilienda vizuri mno, alisoma akaanza kunisahihisha pale ilipokosea. Walipokuja wengine ikawa ni maneno juu ya maneno, na jina la mjukuu liliandikwa kila mara tofauti, akaisukuma simu pembeni mwenyewe. Kipimo cha Fundi nacho nilikifanya, nikaweka simu hali ya ndege, Kiswahili kikasimama hapo hapo. Mzee akaniangalia tu, sikuhitaji kuambiwa.

Tukaenda kliniki. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba kwa nta karibu lote, wakatoa, akasema lile sikio limekuwa jepesi. Kisha wakampima, mchoro ukashuka kwenye sauti za juu masikio yote mawili kama mlivyosema, upungufu wa wastani. Dada yangu alikuwepo na hakusema "si niliwaambia", nikamshukuru kwa hilo. Kwa kuwa hana iPhone na hapendi kitu cha kuchaji kila usiku tumechukua shime sikio za kujaribu, zile za betri ndogo za kubadilisha, leo siku ya tisa. Siku ya tatu alivua kweli kama Mama_Mizani alivyotabiri, nilimrudishia taratibu nikakaa naye chumbani tukaongea pametulia.

Jana mjukuu kamletea tena habari za yule sungura. Katikati babu akamkatiza, "subiri, umesema alichimba wapi?" Mtoto akarudia, wakaendelea mpaka usiku.

Miwani nimeziacha kwa sasa, siku zikiandika Kiswahili bila intaneti nitafungua uzi mwingine. Ila nina swali dogo, betri zenyewe ni 312 zenye stika ya kahawia, tulizowekewa zilidumu siku tano tu na kwenye boksi wameandika zinafika wiki na zaidi. Nakosea wapi?

---

SikioMoja:

Nimefurahi sana aisee, msalimie mzee.

Hizo betri zinatumia hewa, ukibandua stika oksijeni inaingia kwenye vitundu ndo zinaanza kufanya kazi. Ukibandua na kuiweka kwenye mashine hapo hapo inakuwa haijavuta hewa ya kutosha. Bandua, iache mezani kitundu kikiangalia juu, dakika mbili tatu mpaka tano, ndo uweke. Usibandue ya akiba mapema, ukishabandua hata ukirudisha stika inaendelea kuisha. Usiku akivua afungue kile kimlango cha betri, mashine inazima na unyevu unatoka. Na zile zilizoisha zisiachwe mezani anapocheza mjukuu, mtoto akimeza betri ya namna hiyo ni hatari, pelekeni hospitali mara moja. Siku tano kwa 312 kwa anayevaa toka asubuhi mpaka usiku sio mbaya sana lakini jaribu hivyo uniambie.